Mtihani wa Shingo

Kalolaine Vakauta alirudi Kolonga, kijijini kwetu Tonga, na begi moja la mgongoni, akisema amekuja kwa wiki mbili tu. Chuo chake cha Suva, huko Fiji, kilikuwa kimefungwa kwa sababu ya ugonjwa, na wanafunzi wa fiziotherapia walitakiwa waende makwao mpaka hali itulie. Hali haikutulia. Mipaka ikafungwa, ndege zikakaa chini, na zile wiki mbili zikawa miaka miwili. Nguo alizoziacha kwenye kabati la bweni, sketi mbili na koti la mvua, mpaka leo sijui nani anazivaa.

Nyumbani alimkuta baba yake peke yake. Mama alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla Kalolaine hajaenda chuo, baada ya kulala kitandani miezi tisa upande mmoja wa mwili ukiwa umekufa ganzi. Ni katika miezi hiyo Kalolaine alipomwona mtaalamu wa viungo kutoka hospitali akimgeuza mama yake taratibu, akimkunja goti, akimnyoosha vidole kimoja kimoja, na mama akatabasamu kwa nusu ya uso iliyobaki. Akasema kazi ni hiyo, hataki nyingine. Kaka yake alikuwa Australia akichuma matunda, naye mipaka ilimkwamisha hukohuko. Kwa hiyo waliobaki nyumbani walikuwa wawili, baba na binti, na hapa kwetu baba na binti si watu wa kupiga soga. Alimpikia, akamwandalia, akakaa chini yake kwenye mkeka akiangalia pembeni mpaka amalize kula. Baba alisema ahsante. Kuna siku hiyo ahsante ndiyo ilikuwa mazungumzo yao yote tangu asubuhi.

Masomo yakaja kwa kompyuta. Mwalimu wa shingo na mgongo aliitwa Ritesh Narayan, mtu wa Labasa, hukohuko Fiji, amefundisha miaka ishirini na sita, na hakumficha mtu kwamba anaichukia kazi ya kufundisha kwa mbali.

"Nawaona kama pasipoti," alilalamika siku ya kwanza. "Pasipoti kumi na tisa zimepangwa kwenye kioo. Mimi nilifundishwa na mzee mmoja aliyeweka kiganja chake juu ya changu. Nikikosea, ananibana kidole. Sasa ninyi nitawabana vidole na nini?"

Wanafunzi wakacheka, vipaza sauti vikiwa vimezimwa, kila mmoja akicheka kisiwani kwake.

Si wote waliochukia. Teretia, rafiki yake wa darasa aliyekuwa Tarawa, visiwa vya Kiribati, aliona ni neema. "Shoga, mimi hapa nanyonyesha huku nasoma mifupa," alimwambia kwenye simu. "Suva ningenyonyesha wapi, chini ya meza? Na mume ndiye mwili wangu wa mazoezi. Nimemvuta miguu mpaka sasa akiniona na kitabu anakimbilia kwa mama yake. Usimsikilize yule mzee, dunia imebadilika."

Kalolaine alicheka, kisha simu ikakatika, na nyumba ikarudi kimya kama ilivyokuwa.

Hata chuo kilitaka kujua maoni yao. Ilikuja fomu ndefu ya kuuliza mtazamo wa wanafunzi na walimu kuhusu masomo ya mbali. Unaridhika? Unaridhika kiasi? Huridhiki? Kalolaine alijaza vizuri tu mpaka alipofika penye sentensi iliyosema, "Ninajihisi mpweke," na vijisanduku vinne mbele yake. Alikaa nayo muda wa chungu cha mihogo kuiva. Mwishowe akaweka alama kwenye "mara chache," kwa sababu fomu ilikuwa na jina lake juu, na hakutaka mtu wa ofisini Suva amjue kiasi hicho.

Kwa upande wa masomo yenyewe alikuwa anakwenda vizuri. Goti alijifunzia kwa magoti ya mabibi wanaosuka mikeka nyumba ya pili, ambao magoti mabovu hawakuyakosa. Mgongo aliupata hukohuko. Mabibi walikuwa wakipanga foleni, wakigombana nani alale kwanza, na mmoja akamwambia akimaliza chuo wamweke yeye kwenye sala badala ya daktari. Kwa Kalolaine hizo ndizo zilikuwa siku za kushika watu na kushikwa, na alirudi nyumbani mwili umechangamka.

Halafu ukaja ule mwezi wa Februari. Majivu ya volkano iliyolipuka baharini mwezi uliotangulia yalikuwa hayajaisha kufagiliwa, na ugonjwa ambao miaka miwili ulikuwa unatuzunguka tu ukaingia. Amri ikatoka kwamba kila kaya ibaki kwake, asiingie mtu nyumba ya mwenzake. Nyumba ya kusukia ikafungwa. Na hapo, kwa bahati mbaya kabisa, darasa likafika kwenye shingo.

Shingo si goti. Kuishika unampakata mgonjwa kichwa chake chote viganjani, unatafuta kwa ncha za vidole pale fuvu linapoishia, unageuza na kubana na kusikiliza. Mtihani ungefanywa mbele ya kompyuta, kwa mtu aliye hai, na nyumba nzima ilikuwa na mtu mmoja tu aliye hai zaidi yake.

Kichwa cha baba hakiguswi na mtoto wake. Hapa kwetu jambo hilo halina majadiliano. Mtoto hali makombo ya baba, halalii mto wake, hapitishi mkono juu ya utosi wake hata kama anafuata chumvi tu. Kalolaine alikuwa na miaka ishirini na mitatu na hakujua nywele za baba yake ni laini au ngumu. Hata kaka angekuwepo isingesaidia, maana dada hamshiki kaka yake mwilini. Wakishakua, hata chumba kimoja hawakai.

Basi akafanya kituko ambacho bila shaka ni mwanafunzi wa kwetu tu angekifanya. Kwa zoezi la majaribio alijaza mto mchanga kidogo upate uzito, akaufunga kitambaa, akaulaza kitandani, akaushughulikia kwa heshima zote dakika kumi. Akatuma video.

Mwalimu Narayan alimpigia mwenyewe. "Kalolaine, mgonjwa wako hana shingo. Ana foronya."

"Ndiyo, mwalimu."

"Na ulimwuliza kama anaumia."

"Utaratibu unasema tuulize, mwalimu."

"Akajibu nini?"

Akacheka kwa aibu, na mwalimu naye akacheka, kisha akauliza, "Nyumbani upo na nani?"

"Na baba."

"Mimi nimezaliwa Fiji, najua habari za vichwa," mwalimu alisema. "Lakini jopo la mtihani halitauliza mila. Linataka shingo inayopumua. Ukikosa una nafasi moja ya kurudia. Ukikosa na hiyo, ufadhili umekwisha na chuo kimekwisha. Tafuta njia, mwanangu. Mimi kwa huku siwezi kukutafutia."

Lililomuumiza zaidi ni kwamba baba yake alikuwa mgonjwa wa shingo kwelikweli. Mzee huyo, Siosaia, alikuwa ameteleza alipokuwa akifagia majivu kwenye paa la bati, na tangu siku hiyo hakuweza kutazama upande. Akiitwa, aligeuka mwili mzima, mabega na kiuno. Asubuhi alibonyeza kisogo kwa kidole gumba akidhani haonekani. Yeye ni msimamizi wa kanisa, mtu wa kusimama wima mbele za watu, na hakulalamika hata mara moja. Kalolaine alimtazama akila kwa kuinua kijiko badala ya kuinamisha kichwa, akajua kabisa ni pingili ipi ya shingo, na mikono yake ikakaa mapajani. Alijisikia mpumbavu, na alijisikia mpweke, amekaa hatua tatu tu kutoka kwa mtu anayeumwa kitu anachokijua.

Siku tisa kabla ya mtihani alimpigia shangazi yake, Melenaite, dada mkubwa wa baba, anayefanya kazi Auckland kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Juu ya baba yupo shangazi. Hilo nalo halina majadiliano.

"Kalo! Umenipigia nipo zamu, nani kafa?"

"Hajafa mtu, shangazi. Nataka kichwa cha baba."

"Kichwa cha baba yako? Cha nini, cha supu?"

Akamweleza yote. Melenaite alisikiliza huku akiguna. "Mimi hapa kutwa nashika vichwa vya wazee wa watu, nawachana, nawapaka mafuta," alisema. "Na hicho cha baba yako nilikuwa nakitoa chawa alipokuwa mdogo. Alikuwa analia huyo! Kijiji kizima kinamsikia. Mpe simu."

Kalolaine akapiga magoti, akampa baba simu kwa mikono miwili. Mara sauti ya shangazi ikabadilika yote, ikawa ya taratibu na ya heshima, kwa kuwa kati ya dada na kaka waliokua hakuna utani.

"Siosaia."

"Naam, dada."

"Samahani nakusumbua. Mtoto ana mtihani. Naomba umsaidie kama alivyoniambia. Mara moja, kwa ajili ya chuo."

Baba akatazama sakafu. "Kwa ajili ya mtihani," akasema.

"Kwa ajili ya mtihani."

"Sawa, dada."

Ikaisha hivyo. Hawakulizungumzia tena mpaka siku yenyewe.

Siku yenyewe Kalolaine aliamka akaisogeza meza, akaiweka kompyuta juu ya makopo manne ya biskuti ili kitanda kionekane. Juu ya sare ya chuo alijifunga ta'ovala, mkeka wa kiunoni tunaovaa kwa heshima. Baba alitoka chumbani ameoga, amepaka nywele mafuta ya nazi, naye amejifunga ta'ovala yake ya kanisani. Mtu angedhani wanakwenda mazikoni.

Mwalimu Narayan alitokea kwenye kioo. "Habari za asubuhi, bwana. Kalolaine, huo mkeka hautakubana ukiinama?"

"Hautanibana, mwalimu."

"Haya. Una dakika ishirini. Tunarekodi, jopo litaitazama video."

"Tuombe," alisema baba.

Mwalimu akafumba macho kwa adabu. Siosaia akakiombea chuo, akawaombea walimu, akamwombea kijana wake aliye kwenye matunda, akawaombea wagonjwa wa visiwa vyote, akaomba na mtandao usikatike. Dakika sita za mtihani zikaenda na sala. Mwalimu aliitikia amina kwa sauti kubwa kidogo.

Baba akalala chali. Kalolaine akakaa nyuma ya kichwa chake, juu yake, mahali ambapo hakuwahi kukaa maishani. Alitamka tulou, neno letu la kuomba radhi, mara tatu, ingawa mara moja ingetosha. Akaingiza mikono.

Kilikuwa kizito kuliko alivyodhani. Kilikuwa cha moto. Nywele zilikuwa laini, hilo ndilo lililomshangaza, laini kama za mtoto, na juu ya sikio la kulia chini ya nywele palikuwa na kovu refu ambalo hakuwahi kuambiwa habari zake. Vidole vikashuka mpaka pale fuvu linapoishia, vikaikuta ile pingili, imejikaza. Akaanza kazi, akieleza kwa mwalimu kila anachofanya kama walivyofundishwa, sauti ikiwa ya chini.

"Vizuri," alisema mwalimu. "Taratibu. Vizuri sana."

Dakika kama ya nne tangu akishike, Kalolaine alihisi maji kwenye vidole. Akatazama. Baba alikuwa amefumba macho, na machozi yalikuwa yanatoka pembeni, yanateremka kwenye masikio, yanafika kwenye mikono yake. Hakutoa sauti. Kifua kilipanda na kushuka kwa utulivu.

"Kalolaine, mgonjwa analia. Simamisha."

Kanuni waliikariri wote. Mgonjwa akionyesha maumivu, ondoa mikono, muulize, andika. Lakini shingo yenye maumivu hujikaza, na hii ilikuwa inalegea. Ilikuwa inajiachia viganjani mwake, kidogo kidogo, mpaka uzito wote ukawa wake. Hayakuwa maumivu. Tangu mama afariki, hapakuwa na mtu aliyekishika kichwa kile kwa upole. Miaka minne. Mama ndiye aliyekuwa akikipakata Jumamosi jioni, na alipoondoka, mila ikakizungushia ukuta, na yeye Kalolaine akakaa nje ya ukuta huo akidhani baba yake ni mtu tu asiyependa kuongea.

"Kalolaine! Ondoa mikono."

Baba akafungua midomo. Akasema kwa Kitonga, taratibu sana, "Usiitoe."

"Amesema nini?" aliuliza mwalimu. "Sikuelewa. Amesema anaumia?"

Neno moja lilitosha kumwokoa. Angelitafsiri, mwalimu angeelewa, jopo lingeelewa, alama zingebaki. Lakini video ilikuwa inarekodi, na lile neno baba yake hakulisema kwa ajili ya jopo. Lilimtoka msimamizi wa kanisa akiwa amelala chali analia mbele ya binti yake. Kalolaine hakuweza kulitoa nje.

"Anaomba maji, mwalimu."

"Basi mpe maji! Mgonjwa anaomba maji na wewe umemng'ang'ania?"

"Nitampa, mwalimu. Bado kidogo."

Hakuondoa mikono. Aliendelea mpaka dakika zilipokwisha, mwalimu akimwita jina, kisha akiacha kumwita. Kioo kilipozimika alibaki amekipakata kichwa kile muda kidogo, na baba hakufungua macho. Halafu akakilaza, akasema tulou, akaenda kuleta maji ambayo hakuna aliyeyaomba. Baba akayanywa yote.

Siku ile alichelewa kunawa. Mikono ilinukia mafuta ya nazi, na kila alipoileta karibu na uso alitaka kulia. Mchana baba alimgeukia kwa shingo tu, bila mabega, akasema ahsante kwa chakula. Hawakusema zaidi. Alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwake, kama siku zote, na Kalolaine aliona sasa kwamba hatua hizo zilikuwa nyingi kuliko alivyozihesabu zamani.

Barua ya chuo ilikuja baada ya wiki. "Mikono mizuri. Hakumsikiliza mgonjwa. Hajafaulu, atarudia." Alisoma hapo penye neno mgonjwa mara mbili.

Jioni Mwalimu Narayan akapiga. "Nimeitazama video yako mara tatu," alisema. "Jopo limeamua kwa lilichoona, na mimi nimetia sahihi, maana niliona hichohicho. Lakini mtu mwenye kiu hanyamazi vile. Kuna kitu hukuniambia."

"Ndiyo, mwalimu," alisema Kalolaine.

"Ungekuwa hapa chumbani, ningeweka mkono wangu juu ya wako, nikajua mwenyewe, nisikuulize. Hapa nilipo nina kioo tu." Alikohoa. "Wameniletea na mimi ile fomu ya maoni. Mpaka leo sijaijaza. Haya, mwanangu. Jiandae na marudio."

"Ahsante, mwalimu."

Alingoja baba amalize kula, viazi vikuu na samaki wa kopo, akakusanya vyombo, akakaa mkekani.

"Baba, sikufaulu."

Siosaia aliweka mikono magotini. "Ni mimi nilikuharibia?"

"Hapana, baba. Mikono yangu haikuwa sawa."

"Mikono yako ilikuwa sawa," alisema, kwa haraka ambayo si yake, kisha akatazama mlango. "Wanasemaje sasa?"

"Nitarudia. Mwezi ujao, tarehe ishirini na tisa."

"Kwa mtu aliye hai?"

"Ndiyo."

"Shingo yangu imepona," alisema. Akaigeuza kushoto, akaigeuza kulia, kumwonyesha. "Imepona kabisa. Sijui kama watakubali shingo nzima."

"Watakubali, baba. Wanataka tu iwe inapumua."

Akaitikia kwa kichwa. Alikaa hivyo muda, midomo ikicheza kama mtu anayehesabu Jumapili zilizobaki. Kalolaine alikuwa ameshanyanyuka na vyombo, ameinama kama inavyompasa kupita mbele yake, baba aliposema, bila kumtazama:

"Hawawezi kuiwahisha hiyo tarehe?"